Mashahidi Wanne wa Kisima

Mama mkwe hapewi sombe peke yake. Hilo kwetu Kindu halijaandikwa popote, lakini hata mtoto analijua. Mkwe akivuka mto kuja kukuona, unachinja kuku. Kama huna, unaazima kwa jirani. Kama jirani naye hana, jifungie ndani useme unaumwa, maana aibu ya kumwekea mkwe majani ya muhogo bila nyama itawafuata mpaka wajukuu zako. Siku ile mimi nilikuwa na kuku mmoja, na kuku mwenyewe hakuwa wa kuliwa. Alikuwa wa kazi.

Ngoja nieleze kazi yake, usije ukadhani nakutania. Mume wangu alikuwa mchimba visima. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na visima vingi vya mitaa yetu ya Mikelenge vilipita mikononi mwake, kuvichimba ama kuvisafisha. Kisima kina hatari mbili. Ya udongo kuporomoka kila mtu anaiona. Ya pili haionekani, nayo ni hewa. Kule chini hewa mbaya hukaa tu, haina mlango wa kutokea, na mtu akiiingia hasikii maumivu yoyote. Magoti yanalegea, anaketi kama mtu aliyechoka, na ndiyo mwisho wake.

Kwa hiyo kabla ya kushuka, mume wangu aliita mashahidi watatu. Wa kwanza alikuwa taa ndogo ya mkebe, aliyoiteremsha kwa kamba. Ikizimika, chini hakuna hewa ya kuvuta. Wa pili alikuwa kuku ndani ya kikapu. Akirudi amelegea shingo, basi kuna sumu ambayo taa haikuiona. Wa tatu ni pua yake mwenyewe, akilala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, kwa yale mambo yenye harufu kama mayai yaliyooza au petroli. Alikuwa na msemo wake: mashahidi wa nyumba moja husema uongo mmoja. Kwa hiyo yeye aliwatafuta katika nyumba tatu tofauti, moto, mnyama na mtu. Mimi nilisikia maneno hayo kila wiki, na kwa kweli niliyaona ni majivuno ya mafundi tu.

Basi vita vikatukuta. Mji ukazungukwa, na waliotoka kwenda shambani walirudi bila mzigo, wengine hawakurudi. Chumvi ikawa kama dawa, unailamba kwa ncha ya kidole. Kuku nao waliisha. Watu wa bunduki walikula kuku wa mji mzima. Hawa wakiondoka, wanaingia wengine, nao wana njaa ileile. Kuku wetu alibaki kwa sababu aliishi chini ya kitanda, na mimi nikisikia viatu vizito njiani namfunika na kitenge. Kuku akifunikwa hudhani giza limeingia, ananyamaza. Nimekaa juu ya kitanda hicho mara nyingi, nikinyonyesha mtoto, na mtu mwenye silaha amesimama mlangoni akiniuliza kama tuna chochote. Nikajibu hatuna. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka nikaogopa mtoto ataamka.

Kisima ndicho kilitulisha siku hizo. Kwenda mtoni kuchota maji ilikuwa kujitoa roho, kwa hiyo kila mwenye uwanja alitaka kisima chake, na mume wangu alilipwa mchele, mawese, siku nyingine kipande cha sabuni.

Mama yake aliishi ng'ambo, Alunguli. Kivuko kilifungwa majuma mengi. Kilipofunguliwa, mtu wa kwanza kumwona mlangoni kwangu alikuwa yeye, amekonda hadi mifupa ya mabega inahesabika, ameshika karanga kiasi cha kiganja, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hiyo ndiyo zawadi aliyomletea mjukuu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na hajamwona hata siku moja. Alimpokea, akamnusa kichwa, akakaa naye chini. Mume wangu hakuwepo. Niambie, wewe ungefanya nini?

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilichukua kisu.

Nilimpika kuku yule kwa mawese, nikapata na wali kidogo. Mama mkwe alikula polepole, machozi yakimtoka, akasema mwanawe ameoa vizuri. Mume wangu alirudi tukiwa bado tumekaa kwenye mkeka. Akanawa, akaketi, nikamwekea firigisi, kwa maana firigisi ni ya mwenye nyumba. Akala. Hakuuliza kitu. Nikajiambia njaa imemziba macho, na kwamba kesho nitatafuta kuku mwingine, hata kwa kubembeleza. Kesho hiyo haikunipa nafasi.

Asubuhi alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja ambaye kisima chake kilikuwa kimejaa tope. Watu wa pale walikuwa wameteremsha motopompe, pampu ya petroli, ndani, juu ya mbao, wakaiwasha tangu alfajiri ili wamwage maji fundi aweze kufika chini. Walipomaliza waliitoa. Kila kitu kilinuka petroli, kwa hiyo pua haikuwa na la kusema zaidi. Taa ilishuka, ikawaka vizuri kabisa, ikapanda ikiwa bado inawaka. Akafunga kamba kifuani, chini ya makwapa, kama kawaida yake, akashuka.

Kamba ile ndiyo iliyomwokoa. Walipoona haijibu wakamvuta. Mimi nilimkuta amelazwa kwenye majani, midomo myekundu kama ya mtu aliyejipaka rangi, na wekundu ule ulinidanganya nikadhani ni uzima. Siku mbili hakusema neno. Mama yake alilala miguuni pake siku hizo mbili, akimwomba Mungu amchukue yeye badala ya mwanawe. Nami nilikuwa pale pale nikimtazama mama huyo, najua alichokula, siwezi kusema. Nimepita mambo mengi katika vita, lakini aibu ya siku mbili zile ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Alipozinduka hakuwa mtu yuleyule. Kichwa kilimuuma kila jua likipanda. Mikono ilitetemeka, na maneno madogo yalimponyoka: angetazama kijiko, akakiita kile cha kulia. Kushuka kisimani kuliisha. Mimi sikumwambia habari ya kuku, wala yeye hakuniuliza, na mama yake alivuka kurudi Alunguli bila kujua, akafa miaka kadhaa baadaye bila kujua. Siri hiyo niliibeba peke yangu, kama nilivyodhani.

Mtu lazima ale. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa zamani fundi wa simu za reli, alikuwa anatengeneza redio barazani kwake, na macho yalikuwa yameanza kumkimbia. Wakati wa vita redio ni kama maji, kila mtu anataka kusikia nani amefika wapi. Nikaenda kumwomba niwe macho yake. Alicheka sana, kwa sababu anajua hasira zangu, akasema chuma cha kulehemu nacho hupata moto haraka, tutaelewana. Tukaelewana. Alipofariki, meza ikawa yangu. Redio zikapungua, zikaja simu, nami nikajifunza simu. Mpaka leo mtu akija mara ya kwanza, humsalimia kwanza mume wangu aliyekaa kwenye kiti chake, akimwita fundi, naye humwonyesha mimi kwa kidevu.

Mtoto yule wa miezi mitatu akakua. Na katika kazi zote zilizoko chini ya jua, akachagua nini? Visima. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia awe mshonaji, awe mwalimu, aendeshe pikipiki kama vijana wenzake. Akaenda kwanza Punia kuchimba mashimo ya madini, akarudi na habari za wenzake waliolala chini na hawakuamka, halafu kama mtu asiyejisikiliza akachukua kamba ya baba yake. Baba yake akawa anaandamana naye, anakaa kwenye mdomo wa kisima na kushika kamba. Kushika tu aliweza.

Vijana wa sasa hawatembei na kuku. Ukimwambia kijana abebe kuku kwenye kikapu kwenda kazini, atakuambia wewe bibi unaishi zama gani. Mwanangu alishuka kwa taa tu, tena siku nyingine kwa tochi ya simu, ambayo haishuhudii kitu isipokuwa betri yake. Nilikuwa nimemwondolea baba yake shahidi mmoja. Sikutaka mtoto naye ashuke bila shahidi kwa sababu ya mkono wangu. Tangu hapo nikawa na kazi moja tu moyoni, na nyingine zote zilikuwa za kula.

Niliagiza kutoka Goma, kwa ndege, vile vidude vinavyohisi hewa, sisi tunaviita kapteri. Nilichukua vitatu, vyote vya aina moja, ile rahisi yenye waya mdogo unaojipasha moto ndani na kuhisi moshi na gesi. Nikafikiri watatu ni watatu, kama mashahidi wa mume wangu. Nikaviunga kwenye kibao kidogo cha kompyuta, nikavifunga kwenye kasha la plastiki lenye matundu, na kengele ya kulia juu. Kuandika maagizo ya kibao nilijifunza kwenye simu, nikirudia somo moja mara kumi na kulitukana mara ishirini.

Siku ya kwanza tulikwenda Alunguli, kisima cha kawaida, wakati wa mvua. Kasha halijafika hata nusu, kengele ikalia. Vyote vitatu vinapiga kelele pamoja. Nikamkataza mwanangu kushuka. Tukangoja, tukateremsha tena, kengele ileile. Taa inawaka. Mume wangu akanusa, hakuna kitu. Mwishowe rafiki yake mwanangu akashuka bila kuniuliza, akachota tope ndoo nne, akapanda anapiga mluzi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanangu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akanishika bega, akasema kwa upole:

"Mama, mashini yako iko inaogopa maji."

Alisema kweli. Kapteri ya aina ile unyevu unaichanganya, na ndani ya kisima kuna nini kama si unyevu? Zilikuwa tatu, lakini zilikuwa ndugu tumbo moja, zikidanganywa na kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaliweka kasha juu ya meza, na mume wangu kwenye kiti chake akasema kwa sauti ya chini ule msemo wake wa mashahidi wa nyumba moja. Ningeweza kumrushia bisibisi. Badala yake nikakaa nikaufikiri, kwa mara ya kwanza tangu anioe.

Basi nikaanza upya, na safari hii nikatafuta nyumba tofauti. Yule mpiga kelele sikumfukuza, kwa kuwa ana faida yake: ni mwepesi, husikia kabla ya wengine wote. Nikamwekea kipimo cha unyevu na joto karibu yake, kazi yake kumsuta, kumwambia huu ni umande tu, tulia. Wa pili ana maji makali kama ya betri ndani yake, na moshi wa injini au wa makaa ukimgusa, hata ule usio na harufu wala rangi, hutoa umeme kidogo sana. Huyo ni mpole na hachangamki upesi, lakini sumu ile iliyomwangusha mume wangu ndiyo anayoijua. Wa tatu hupima hewa ya uhai tu, kama ipo ya kutosha. Wa nne hurusha mwanga usioonekana kwa macho na kuangalia umekatwa kiasi gani, na hivyo huiona ile hewa nzito inayozima taa. Wanne, na kila mmoja ana ujinga wake. Umande unaomchanganya wa kwanza, wa nne haumshtui.

Kuwajaribu ilikuwa kichekesho. Moshi wa makaa nilipata jikoni kwangu, chini ya beseni lililofunikwa. Hewa nzito je? Hewa nzito hutoka kwenye mahindi yanayochachuka, na mahindi yanayochachuka yako kwa mama mmoja anayepika lotoko nyuma ya soko. Mimi, mwanamke wa Kiislamu, mwenye mjukuu madrasa, nikawa kila siku baada ya swala ya adhuhuri naingia kwa mpika pombe nikiwa na kitu kilichofunikwa kwenye kikapu. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulijua kwamba nimeanza kunywa. Mke wa imamu alikuja nyumbani kunisemesha taratibu, kwa huruma nyingi. Nikampeleka kwenye pipa, nikateremsha taa, ikazimika pap! Nikateremsha kasha, wa nne akapiga kelele, wa tatu akaonyesha hewa ya uhai imepungua, na yule wa kwanza alilewa kabisa mvuke wa pombe hata akachukua nusu saa kupona. Wa pili naye alilewa kidogo, nikaandika hilo kwenye daftari. Mke wa imamu akaondoka amebeba habari mpya kwamba silewi, bali nina wazimu.

Sasa likabaki swali moja. Wanne hawa wakitofautiana, kasha liamini nani? Mimi nilikuwa na jibu tayari. Penye wengi hapaharibiki neno. Wapige kura: watatu wakisema salama, ni salama. Mwanangu alilipenda jibu hilo, kwa kuwa alikuwa bado anakumbuka kicheko cha Alunguli na hakutaka kengele ya bure. Mchana mmoja nilikuwa namweleza mume wangu, zaidi kwa kujisifu kuliko kutaka shauri. Akaniuliza, kwa ule mwendo wake wa maneno, neno moja likingoja jingine:

"Taa inawaka. Pua haina neno. Kuku amekufa. Utahesabu kura?"

Nikamwuliza kuku gani.

"Ule mwenye mama alikulaka."

Akaniambia yote kuhusu kuku yule aliyeliwa na mama yake. Aliona manyoya nyuma ya jiko jioni ile, kabla hata ya kunawa mikono. Alijua anakula nini. Na asubuhi alipoamka, mama yake alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani, anaimba. Akisema haendi kazini kwa sababu kuku hayupo, mama angejua amekula nini, na angekufa na aibu hiyo. Akaenda. Kwenye mdomo wa kisima akajiambia taa imesema ndiyo, pua haikusema hapana, wawili kwa watatu, inatosha.

"Nilihesabu kura," akasema. "Kama weye."

Nilimkasirikia, sitaficha. Miaka yote ile! Nimemficha siri, kumbe naye ananificha siri ileile, tunalala kitanda kimoja kila mtu na mzigo wake. Nilimwambia maneno ambayo mke mwema hasemi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akataka chai. Nikaenda jikoni kuipika, na hapo jikoni nikalia, nikacheka, nikalia tena, na nilipomletea kikombe nilikuwa nimepungua uzito wa miaka zaidi ya ishirini. Ninaweza kusema kwamba tangu mchana ule tumeoana vizuri zaidi.

Kura nikazifuta. Shahidi haulizwi kila kitu, anaulizwa alichokiona. Wa tatu anajua hewa ya uhai: akisema haitoshi, basi, hashuki mtu, hata wengine wote wakicheka. Wa pili anajua moshi: vivyo hivyo. Wa nne anajua hewa nzito. Yule wa kwanza, mpiga kelele, akilia peke yake, tunangoja na kutazama, hatukimbii wala hatumpuuzi. Na juu ya hayo nikaliandikia kasha lionyeshe namba zao zote pamoja, hata zile ndogo zisizofika kwenye kengele. Mara nyingi kweli iko katika namna wanavyoongea pamoja, na hiyo lazima mtu aitazame kwa macho yake.

Nilikuja kuitazama juzi juzi, katika likizo ya shule. Shule moja ya msingi hapa Mikelenge ilikuwa na kisima kilichobaki na maji machafu kidogo tu chini, na kazi ilikuwa kukiongeza kina kabla watoto hawajarudi. Mwanangu ndiye aliyepata kazi. Tulifika saa nne asubuhi, yeye, baba yake na mimi. Kapita wa kazi, msimamizi mwenye kofia ya plastiki, alikuwa ana haraka. Mwanangu akafunga kamba kifuani, mimi nikateremsha kasha.

Wa kwanza akalia mara moja. Hilo halikunishtua, mahali pale palinuka petroli. Hewa ya uhai, sawa, imepungua tone tu. Hewa nzito, chini ya kengele. Namba ya wa pili ikaanza kupanda taratibu, ikavuka mstari, kengele yake ikalia.

Kapita akasema mashini mbovu, petroli ilimwagika hapo jana walipokuwa wanajaza tangi la pompe, ndiyo harufu tunayosikia. Akaapa kwamba pompe yenyewe haikuingia kisimani. Akateremsha taa yake. Ikawaka kwa raha zake. Wafanyakazi wakaanza kunung'unika. Mwanangu alikuwa ameshakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani, ananitazama.

Na mimi nilikuwa na shaka, heri niseme. Nilikumbuka daftari langu: wa pili alilewa pombe. Je, kama amelewa petroli? Nikimzuia bure mara ya pili, kasha hili hataligusa tena maisha yake yote. Nikimwachia, na wa pili anasema kweli... Kapita akamgeukia mume wangu, mwanamume kwa mwanamume, akamwuliza yeye kama mzee wa kazi anasemaje. Mume wangu hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kamba.

"Uliza fundi."

Nikazitazama namba tena, zote pamoja. Na ndipo nikaona. Hewa nzito ilikuwa chini ya kengele, ndiyo, lakini ilikuwa juu kuliko kisima chochote nilichopima mwezi ule. Hewa ya uhai imepungua tone, na tone hilo lilikuwa linalingana nayo. Petroli iliyomwagika hunuka tu. Haili hewa ya uhai, wala haitapiki hewa nzito. Inayofanya hivyo ni petroli inayoungua. Mle ndani kulikuwa na injini, na iliwaka si zamani.

Nikamwambia mwanangu atoe miguu. Nikamwambia kapita kwamba motopompe imewashwa ndani ya kisima hiki leo. Akakataa, akapandisha sauti. Mimi nami, nimekwisha kukuambia, sauti ninayo. Tulikuwa bado tunabishana pale mlinzi wa shule, mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya kando, alipokohoa na kusema kwamba alfajiri walikuja vijana wawili wa kapita, wakaishusha pompe, wakaiwasha mpaka jua likatoka, wakaipandisha. Alidhani kapita anajua.

Nilitazama miguu ya mwanangu, tope kavu kwenye visigino, ikiwa sasa juu ya ardhi.

Tuliazima kwa mhunzi mashine yake ya kupuliza moto, ile ya kuzungusha kwa mkono, tukaifungia bomba refu la plastiki mpaka chini. Walizungusha kwa zamu, kapita naye akavua kofia akazungusha, na hakuna aliyemwomba. Namba ya wa pili ilishuka polepole, kwa ukaidi. Tulikula wali tukingoja, tukaswali tukingoja. Alasiri namba zote nne zilikuwa zimetulia, na zilitulia kila nilipopima. Mwanangu akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Ni mimi niliyemruhusu. Sijawahi kuinua kitu kizito kama kichwa changu mwenyewe wakati ule.

Alishuka na kasha kiunoni. Alichimba mpaka udongo ukageuka rangi na maji yakaanza kuchuruzika, akavuta kamba, wakampandisha. Baba yake alisimama, akaifungua kamba ile kwa mikono yake inayotetemeka, fundo kwa fundo, hakuruhusu mtu kumsaidia. Wachimbaji wana desturi: anayetoka chini huulizwa jina, kuona kama akili imepanda pamoja naye. Mume wangu akamwuliza. Mwanangu, amelowa tope hadi kwenye kope, akataja jina lake, akataja la baba yake, akataja la babu yake aliyeianza kazi hii. Hapo ndipo huishia watu wote. Yeye akavuta pumzi, akanigeukia, akataja na la kwangu.